Saa imesoma 171, hesabu inasema mwisho wangu ni 166: je, nimeuzidi moyo wangu?

"Daktari, nina miaka 46. Miezi mitatu iliyopita nilianza kutembea kwa kasi na kukimbia mchakamchaka, siku nne kwa wiki. Nikiamka asubuhi mapigo yangu ya moyo huwa 76. Juzi tukipanda kilima na mwenzangu, saa yangu ya mkononi ilisoma 171, ikawaka nyekundu na kuniambia nimefika upeo. Niliogopa nikasimama, ingawa nilikuwa bado nazungumza naye. Nyumbani nikasoma kwamba hesabu ya wanawake si ile ya wanaume, na kwa umri wangu mwisho ni 166. Ina maana nimevuka mwisho wa moyo wangu? Pale tunapofanyia mazoezi kuna chati ukutani inayosema nikitaka kupunguza mafuta nisizidi 120, nikizidi nachoma misuli. Mwenzangu ana miaka 45, tunakwenda sambamba, lakini yeye saa yake husoma 130. Niongeze kwamba tangu mwaka jana hedhi yangu imekuwa nzito na ngazi zinanichosha. Mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano, yeye ameambiwa asivuke 140. Namba sahihi kwa mwanamke ni ipi hasa?"

Dada yangu, nianze na jibu unalolisubiri: hapana, hujauzidi moyo wako. Upeo wa mapigo ni kasi ambayo moyo ulio katika mwendo wake wa kawaida hauipiti hata uulazimishe kwa mazoezi kiasi gani. Kwa hiyo ukiona namba iliyo juu ya upeo, ama kilichosomwa si mapigo yako, ama upeo uliopigiwa hesabu haukuwa wako. Kwako nashuku yote mawili. Ila katika barua yako kuna jambo lililonishughulisha kuliko hiyo 171, nawe umelitaja kwa sentensi moja tu karibu na mwisho: hedhi nzito na ngazi zinazokuchosha. Nitalifikia, na naomba usiishie njiani kabla hujalisoma.

Tuanze na saa. Ushahidi mzuri umenipa mwenyewe: ulikuwa bado unazungumza. Mtu ambaye moyo wake umefika kileleni kweli hana pumzi ya mazungumzo. Anatoa neno moja, anahema, anatoa jingine, na baada ya dakika chache miguu inagoma. Kama wewe ulikuwa unamaliza sentensi zako, basi moyo wako kwa uwezekano mkubwa haukuwa kwenye 171.

Saa za mkononi hazisikilizi moyo. Zinamulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kupima jinsi damu inavyojaa na kupungua kwenye vimishipa vidogo vilivyo chini yake. Ukiwa umekaa, kazi hiyo huifanya vizuri. Ukianza kukimbia, mkono unarushwa mbele na nyuma, saa inacheza juu ya ngozi, na kila hatua inaitikisa ile damu kwa mdundo wake. Hapo saa huweza kushika mdundo wa miguu ikaudhania ni mdundo wa moyo. Sasa tazama: watu wengi wanaokimbia mchakamchaka hupiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika. Namba yako ya 171 imekaa katikati kabisa ya hapo. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea, lakini ningekuwa nimekaa nawe hilo lingekuwa la kwanza kulichunguza.

Kulichunguza ni rahisi. Siku nyingine saa ikipandisha namba ya ajabu, simama, na papo hapo weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwenye kile kibonde kilicho kati ya mfupa na kano. Usitumie kidole gumba kupimia, kwa sababu chenyewe kina mshipa unaodunda na utajikuta unajihesabu kidole. Hesabu midundo kwa sekunde 15, uzidishe mara 4. Usichelewe: moyo huanza kushuka mara tu unaposimama, na ukingoja nusu dakika utapata namba ya mtu aliyekwisha kupumzika. Kama vidole vinapata 34 kwa sekunde 15, ni 136, na saa ilikuwa inasoma miguu. Kama vinapata 42 au 43, saa ilisema kweli, nasi tutakuwa tumejifunza kwamba upeo wako uko juu ya 166. Saa nayo ivalishe vidole viwili juu ya kifundo, iwe imekaza kiasi cha kutocheza. Anayetaka usahihi zaidi atumie mkanda wa kifuani, maana huo unapokea umeme wa moyo wenyewe.

Sasa hiyo 166. Hesabu ambayo karibu kila saa na kila chati inaitumia ni 220 kutoa umri. Kwako inaleta 174. Ilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na watafiti wa Marekani waliokusanya matokeo ya tafiti zilizokuwapo wakati huo, wakayaweka kwenye mchoro na kupitisha mstari. Waliopimwa katika tafiti hizo walikuwa hasa wanaume, na hesabu haikukusudiwa kuwa sheria ya kumwongoza kila mtu. Ilienea kwa sababu ni nyepesi kukumbuka. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake wakapitia tafiti nyingi zaidi wakapendekeza 208 kutoa asilimia 70 ya umri, nao hawakuona tofauti ya maana kati ya wanawake na wanaume. Hiyo kwako inaleta 176. Kisha mwaka 2010 Martha Gulati na wenzake wakachapisha matokeo ya wanawake 5,437 wa eneo la Chicago, wa miaka 35 na zaidi, wasio na dalili zozote za ugonjwa wa moyo, waliopimwa wakitembea na kukimbia juu ya mashine. Kutoka kwao ikapatikana 206 kutoa asilimia 88 ya umri. Ndiyo uliyoisoma: 206 kutoa 40, unapata 166.

Kwa hiyo mtu mmoja, umri mmoja, hesabu tatu, majibu matatu: 174, 176, 166. Usidhani mmoja amesema kweli na wengine wamedanganya. Kila hesabu ni wastani wa watu waliopimwa na njia iliyotumika kuwapima. Wapo wanaoshuka kwenye mashine kwa sababu miguu imechoka kabla moyo haujafika kileleni, na hao huvuta wastani chini. Zaidi ya hayo, hata hesabu iliyo bora ina upana wa mapigo 10 hadi 12 juu na chini, na karibu mtu mmoja katika kila watatu anaangukia nje hata ya upana huo. Ni kama gauni lililokatwa kwa vipimo vya wastani wa wanawake wa umri wako: likikubana mabegani, hakuna fundi mwenye akili atakayesema mabega yako yamekosea. Mwanamke wa miaka 46 mwenye upeo wa 180 ni mzima. Mwenye 158 naye ni mzima. Wala mwenye upeo mkubwa hana moyo wenye nguvu zaidi. Upeo huzaliwa nao na hupungua taratibu kwa umri, na mazoezi hayaupandishi.

Hesabu ya Gulati naiheshimu sana, ila kwa kazi yake. Daktari anapompima mtu moyo kwa mashine ya kukimbilia, hutazama kama mapigo yanapanda inavyotarajiwa kwa umri wake, kwa sababu moyo unaoshindwa kupanda ni ishara isiyo nzuri. Ukimpima mwanamke kwa mstari uliotokana na wanaume, unaweza kumwambia moyo wake umeshindwa kumbe umefanya kazi yake sawasawa. Hilo ndilo kosa lililohitaji kurekebishwa. Kulichukua rekebisho hilo na kuligeuza kuwa uzio ambao mwanamke hapaswi kuuvuka akipanda kilima ni kulitumia kinyume cha lilivyokusudiwa, na linanisikitisha, kwa sababu wanaoogopeshwa ni wale wale tunaowataka watoke nyumbani wakatembee.

Ukiuliza namba ya mwanamke, ni kama umeuliza pia kama mwili wake ni tofauti kweli. Ndiyo, na tofauti yenyewe haina udhaifu ndani yake. Kwa wastani moyo wa mwanamke ni mdogo kuliko wa mwanamume, na chumba chake cha kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwilini, hubeba damu kidogo zaidi kwa kila pigo. Damu inayohitajika kwa dakika ni lazima ifike. Moyo unaotoa mililita 60 kwa pigo utahitaji kupiga mara 80 kufikisha karibu lita 5. Unaotoa mililita 75 utapiga mara 64 tu kufikisha kiasi kile kile. Pia kwa kawaida mwanamke ana himoglobini kidogo kuliko mwanamume, na himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni, hivyo kila lita ya damu inabeba mzigo mdogo kidogo na safari zinaongezeka. Ndiyo maana mapigo ya mwanamke aliyepumzika huwa juu ya ya mwanamume kwa mapigo machache, na ndiyo maana wakitembea pamoja kwa kasi moja yeye husoma namba kubwa zaidi. 76 yako ya asubuhi iko ndani ya kawaida, ambayo kwa mtu mzima ni 60 hadi 100.

Halafu kuna homoni, ambazo chati za ukutani hazizijui kabisa. Nusu ya pili ya mzunguko, baada ya yai kutoka, projesteroni hupandisha joto la mwili kidogo na mapigo nayo hupanda kidogo. Mwanamke anayefuatilia namba zake kila asubuhi ataliona hilo na pengine atadhani amerudi nyuma kimazoezi. Ukikaribia ukomo wa hedhi, umri ambao wewe umeanza kuugusa, homoni hupanda na kushuka bila mpangilio, na wengi huhisi moyo ukienda mbio ghafla usiku au wakati wa ule mwako wa joto unaopita mwilini. Mara nyingi si ugonjwa wa moyo, ingawa hautakiwi kudhaniwa hivyo bila kupimwa. Ongeza usingizi mbaya, kahawa, joto la mchana na kiu. Ukikimbia dakika 40 kwenye joto kwa kasi ile ile, mapigo ya mwisho yanaweza kuzidi ya mwanzo kwa 10 au zaidi, kwa sababu jasho limepunguza maji ya damu na damu nyingine imepelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili.

Ukijua yote hayo, utaona kwa nini nasema pumzi ndiyo hakimu wa kwanza na namba ni shahidi wake. Ukitembea kwa kasi na unaweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, hiyo ni kazi ya wastani. Ukiweza maneno matatu manne tu kabla ya kuvuta pumzi, hiyo ni kazi nzito. Ukishindwa hata hayo, uko karibu na kilele, na huko hakuna sababu ya mtu wa mazoezi ya afya kukaa muda mrefu. Kipimo hiki kimelinganishwa na vipimo vya maabara na kimesimama vizuri. Kinakufuata siku ya joto, siku ya hedhi, siku uliyolala vibaya, bila kuhitaji kikokotoo.

Namba bado ina faida, na nitakupigia yako kwa njia ninayoipenda, ile ya Martti Karvonen wa Finland ya mwaka 1957. Uzuri wake ni kwamba inaanza na mapigo yako ya kupumzika. Chati nyingi zinakuambia asilimia 50 hadi 70 ya upeo. Asilimia 50 ya 166 ni 83, na wewe ukiwa kitandani uko 76! Ukitandika kitanda tu umeshaifikia. Karvonen anatoa kwanza mapigo ya kupumzika: 166 kutoa 76 inabaki 90, na hiyo ndiyo akiba ya moyo wako. Kazi ya wastani hutumia kati ya asilimia 40 na 59 ya akiba. Asilimia 40 ya 90 ni 36, rudisha 76, unapata 112. Asilimia 59 inakuleta 129. Tukitumia upeo wa 176 badala ya 166, akiba inakuwa 100, na kazi ya wastani inaangukia kati ya 116 na 135.

Umeona kilichotokea? Hesabu mbili zilizokuwa zinagombana kwa mapigo 10 kule kileleni, huku chini unakofanyia mazoezi zinapishana kwa 4 hadi 6. Ugomvi wote wa fomula ya wanawake na ya wanaume, kwa mtu anayetembea kwa ajili ya afya, unaishia kuwa tofauti ndogo kuliko ile inayoletwa na kikombe cha kahawa au mchana wa joto. Kwa sasa chukua 112 hadi 135 kuwa eneo lako la siku nyingi, na ukivuka kupanda kilima hadi 145 au 150 kwa dakika chache huku pumzi ikikurudia vizuri, sioni ubaya kwa mtu asiye na dalili. Nimesema asiye na dalili makusudi, kwa sababu wewe unayo moja inayohitaji kuangaliwa kwanza.

Kabla ya hapo, chati ya mafuta. Ina ukweli mdogo uliogeuzwa. Ni kweli kwamba ukienda taratibu, sehemu kubwa zaidi ya nishati unayotumia inatokana na mafuta, na ukiongeza kasi mwili unageukia zaidi sukari. Lakini sehemu si kiasi. Tuseme nusu saa ya kutembea inatumia kalori 150 na asilimia 60 yake ni mafuta: ni kalori 90 za mafuta. Nusu saa ya mchakamchaka ikitumia kalori 300 na mafuta yakawa asilimia 40, ni kalori 120. Na hata hiyo si hoja kubwa, maana uzito huamuliwa na jumla ya ulichokula na ulichotumia kwa wiki na miezi, si na kilichoungua saa moja ile. Habari ya kuchoma misuli ukivuka 120 haina msingi. Misuli hulindwa kwa kula protini ya kutosha na kuifanyisha kazi yenye uzito angalau siku mbili kwa wiki, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani linaliweka pamoja na zile dakika 150 hadi 300 za kazi ya wastani kila wiki. Kwa mwanamke anayekaribia ukomo wa hedhi, hizo siku mbili za nguvu zina thamani ya pekee kwa mifupa yake. Chati ile ningeishusha ukutani.

Na mwenzako mwenye 130? Huenda saa yake inasoma sawa na yako imekosea. Huenda upeo wake ni tofauti na wako kwa mapigo 15, jambo la kawaida kabisa. Huenda amefanya mazoezi miaka mingi, moyo wake ukazoea kutoa damu nyingi kwa pigo moja. Huenda anatumia dawa. Dawa za kundi la beta-bloka, kama atenololi, propranololi au bisoprololi, ambazo watu hupewa kwa presha, kipandauso au moyo kwenda mbio, hushikilia mapigo chini hata mtu akijituma. Anayezitumia asifuate hesabu yoyote ya umri. Afuate pumzi, au amuulize daktari wake ampimie eneo lake. Na asiziache ili "apandishe mapigo", maana kuziacha ghafla ni hatari. Kwa vyovyote vile, usijilinganishe naye. Jilinganishe na wewe wa miezi mitatu iliyopita: njia ile ile, kasi ile ile, mapigo yako yameshuka? Hapo ndipo namba inapokuwa na maana.

Kuna uwezekano mwingine wa hiyo tofauti yenu, nao ndio nilioahidi kuufikia. Mwanamke anayepoteza damu nyingi kila mwezi kwa mwaka mzima hupoteza madini ya chuma pamoja nayo. Akiba ya chuma ikiisha, himoglobini inashuka, na damu inabeba oksijeni kidogo. Moyo hauna njia nyingine isipokuwa kupiga haraka zaidi ili kufidia. Mtu huyo ataona mapigo yakipaa kwenye kazi ndogo, atahema kwenye ngazi, atachoka bila sababu, na wengi hujilaumu kwamba hawana mazoezi. Wakaongeza mazoezi, wakazidi kuchoka. Kwa sababu upungufu huja polepole, mwili huuzoea kidogo kidogo na mtu husahau jinsi alivyokuwa.

Kwa hiyo wiki hii nenda ukapime damu. Omba himoglobini, na kama inawezekana feritini, inayoonyesha akiba ya chuma, kwa sababu akiba inaweza kuisha kabla himoglobini haijashuka. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Mweleze daktari hedhi ilivyo kwa maneno ya wazi: unabadilisha pedi kila baada ya saa ngapi, kama inalowa ndani ya saa moja au mbili, kama kuna mabonge, kama inazidi siku 7, kama damu inatoka katikati ya mwezi. Usimwambie tu kwamba "ni nyingi kidogo". Hedhi iliyobadilika ukiwa na miaka 46 inaweza kuwa homoni tu, inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi usio saratani, na mara chache ni jambo kubwa zaidi. Vyote vina tiba na vyote vinahitaji kuonwa. Usianze vidonge vya chuma kwa kukisia kabla ya kipimo. Daktari huenda akapima pia tezi ya shingo, maana ikifanya kazi kupita kiasi nayo hukimbiza moyo, na akakupima presha. Mpaka majibu yatoke, endelea kutembea kwa pumzi ya kuzungumza, kilima kiache kwanza.

Zipo dalili ambazo hazingoji miadi. Kifua kubana au kuwa kizito ukijituma, maumivu yanayopanda taya, shingo, mgongo au mkono, kuishiwa pumzi kusikolingana na kazi unayofanya, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, kuzimia, jasho la baridi na kichefuchefu: simama, na ikiwa haziishi haraka, tafuta huduma ya dharura. Wanawake wengi hupata maumivu ya kifua katika shambulio la moyo kama wanaume, lakini mara nyingi zaidi huja pia na hizo nyingine, nao huzipa jina la uchovu au tumbo na kuchelewa. Moyo unaoruka ghafla hadi kasi kubwa ukiwa umekaa, au unaopiga bila mpangilio, unahitaji kipimo cha umeme wa moyo. Na jambo tulivu zaidi, la kumwambia daktari tu: ukimaliza kazi nzito na dakika moja baadaye mapigo hayajashuka hata kwa 12.

Mdogo wako naye asiogope hiyo 140. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa wanawake na uzazi cha Marekani kiliweka kweli kikomo cha mapigo 140 kwa wajawazito, kwa tahadhari. Mwaka 1994 chenyewe kilikiondoa, lakini namba hiyo bado inazunguka midomoni. Katika ujauzito damu huongezeka kwa karibu nusu, na mapigo ya kupumzika hupanda kwa 10 hadi 20, hivyo namba za kawaida hazimfai. Kama mkunga au daktari wake hajaona tatizo, atembee kwa pumzi ya kuzungumza, nusu saa siku nyingi za wiki, akinywa maji na kukwepa joto kali. Ila kwanza amuulize aliyemwekea hiyo 140 kwa nini: akikuta ni mazoea tu, sawa, akikuta ana presha ya mimba, kondo la nyuma lililokaa chini, upungufu mkubwa wa damu au ugonjwa wa moyo, basi afuate alichoambiwa yeye, si nilichoandika hapa. Akiona damu ukeni, maji yakivuja, uchungu unaokuja kwa vipindi, kichwa kikali, kifua kuuma au mguu mmoja kuvimba na kuuma, aache mazoezi na aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ukipata majibu ya damu, niandikie himoglobini na feritini, na mapigo uliyohesabu kwa vidole kwenye kilima kile utakaporuhusiwa kukirudia. Kwa namba hizo nitaweza kukupangia wiki sita zinazofuata.